MDHAMINI WAKO NI NANI?

Somo: Kutoka 3:1–14 na 4:1–17. Soma pia Matendo 7:22–35, 2 Wakorintho 3:4–5 na Waebrania 7:22.

 

Leo nataka nianze kwa kuomba msamaha. Pasta kuomba msamaha madhabahuni si jambo la kila Jumapili, kwa hivyo tulia unisikilize.

Miezi michache iliyopita nilihubiri hapa juu ya kujiamini. Wengi mnakumbuka. Niliwaambia mgeukie jirani, mumshike mkono, mseme kwa sauti, "Mimi ni mshindi! Mimi siogopi!" Mlisema. Kanisa likatikisika, na mpiga kinanda akaongeza moto. Nikaenda nyumbani nimeridhika, nikamwambia mke wangu, "Leo Neno limeshuka."

Lakini kabla sijafika nyumbani, mama mmoja wa hapa kwetu alikuwa amenisubiri mlangoni. Amenipa ruhusa niseme haya, ila jina nalihifadhi. Kazi yake ni mama fua. Kesho yake alikuwa ameitwa shuleni kwa sababu ya karo ya binti yake aliye kidato cha tatu. Akaniambia, "Pasta, nimesema mimi ni mshindi mara tatu, vile ulituambia. Lakini nikifikiria ule mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, magoti yanakufa. Bado ni mimi tu."

Bado ni mimi tu. Nilimwombea haraka haraka, nikamwambia aamini tu, nikaingia kwa gari. Lakini hilo neno liliingia nami kwa gari, likakaa kiti cha nyuma, na halijashuka hadi leo. Kwa sababu mama yule alisema ukweli, nami nilikuwa nimempa kelele. Nilimpa chakula cha saa moja, na njaa yake ilikuwa ya wiki nzima. Nisamehe, mama. Nisameheni nyote. Leo tulichimbe jambo hili upya, tukianza na Musa.

MUSA ALIYEJIAMINI

Wengi wetu tunamjua Musa wa kichaka kinachowaka moto, yule mwenye kigugumizi. Lakini kuna Musa wa kwanza. Stefano anatueleza katika Matendo 7:22 kwamba kijana huyu alisomeshwa elimu yote ya Misri, na alikuwa hodari wa kusema na wa kutenda. Umeskia? Hodari wa kusema! Alilelewa ikulu. Kama kungekuwa na vyeti siku hizo, faili ya Musa ingekuwa nene. Hakuna kijana Mwebrania aliyekuwa na nafasi kama yake.

Akiwa na miaka 40 anatoka kuwaona ndugu zake. Anamwona Mmisri akimpiga Mwebrania. Kutoka 2:12 inasema aliangalia huku na huku, akaona hakuna mtu, akamwua yule Mmisri, akamfukia mchangani. Angalia vizuri hapo. Aliangalia huku, akaangalia huku, juu hakuangalia. Alikuwa na elimu, na nguvu, na nia njema. Stefano anasema alidhani ndugu zake wataelewa kwamba Mungu anawaokoa kwa mkono wake. Alidhani tu.

Kesho yake, mtu mmoja anamuuliza swali moja: ni nani aliyekuweka wewe kuwa mkubwa na mwamuzi wetu? Swali moja tu, na ule ujasiri wote wa ikulu ukaanguka chini kama kibanda cha mabati siku ya upepo. Akakimbia. Akakimbia mpaka Midiani.

Wapendwa, kujiamini kulikojengwa juu ya vitu huvunjwa na swali moja. Ni nani amekuweka wewe? Umesomea wapi? Unaishi mtaa gani? Bado hujaolewa? Mna watoto wangapi? Ulipata gredi gani? Mtu anauliza tu kama anapiga stori, na wewe unaenda nyumbani ukiwa mgonjwa.

MUSA ALIYEJIDHARAU

Miaka 40 mingine inapita. Sasa Musa ana miaka 80, na anachunga kondoo. Na Biblia inataja jambo moja ambalo wenye madeni wataelewa: kondoo wenyewe si wake, ni wa baba mkwe. Miaka 40 kazini na bado mifugo si yake! Hapo Mungu anamwita kutoka katikati ya moto, anamwambia nenda kwa Farao ukawatoe watu wangu.

Musa anajibu: mimi ni nani hata niende kwa Farao?

Na hilo ni la kwanza tu. Ukisoma sura ya 3 na ya 4 utahesabu visingizio vitano. Mimi ni nani. Nikiulizwa jina lako nitasema nini. Hawataniamini. Mdomo wangu ni mzito. Na mwisho, tuma mtu mwingine. Kwa vile vinne Mungu anamjibu kwa upole. Kwa kile cha tano, Kutoka 4:14 inasema hasira ya Bwana iliwaka.

Kwa nini Mungu akasirike na mtu mnyenyekevu? Kwa sababu huo haukuwa unyenyekevu. Kuna unyenyekevu na kuna unyonge, na hivi viwili huvaa nguo za kufanana. Mnyenyekevu husema, "Sina uwezo, lakini wewe ukisema, nitaenda." Mnyonge husema, "Sina uwezo," halafu anaketi hapo hapo. Yule Musa wa miaka 40 na huyu wa miaka 80 mnaona kama ni watu wawili tofauti, lakini wote wana kosa moja. Wote wawili wanajiangalia. Wa kwanza alijiangalia akaona mengi, akaua mtu. Wa pili amejiangalia akaona sifuri, anataka kuacha taifa zima utumwani. Mwenye majivuno na mwenye kujidharau wanatumia kioo kimoja.

SWALI AMBALO MUNGU HAKULIJIBU

Sasa fungua Kutoka 3:12 na usiharakishe. Musa ameuliza, "Mimi ni nani?" Mimi ningekuwa Mungu, ningejibu hivi: "Musa, wewe ni msomi! Wewe ni hodari! Umesahau ulilelewa na binti Farao? Sema na jirani, Musa!" Ndivyo mimi nilivyowahubiria.

Mungu hakusema hata moja ya hayo. Hakumkumbusha vyeti vyake. Hakumsifu. Hakubishana naye juu ya ule mdomo mzito. Lile swali la mimi ni nani alilipita kabisa, akajibu swali ambalo Musa hakuuliza: nitakuwa pamoja nawe. Basi. Hilo ndilo jibu.

Ni kama Mungu anamwambia: Musa, unaniuliza wewe ni nani, nami nakuambia uko na nani.

Niwape mfano kutoka maisha yangu. Nina digrii ya biashara; mimi ni mtu wa hesabu kabla sijawa mtu wa mimbari. Nikiwa na miaka 27 nilikuwa na kazi nzuri na beji shingoni, na niwaambie ukweli, ile beji nilikuwa naivaa hata kwa matatu ili watu waisome. Halafu kampuni ikapunguza wafanyakazi, jina langu likawa kwenye orodha. Sikumwambia mtu. Karibu miezi miwili nilivaa suti kila asubuhi, nikaaga nyumbani, nikaenda kuketi kwenye benchi katika bustani ya Jeevanjee hapo mjini. Wahubiri wa saa saba wakija, nainamisha kichwa nisionekane na mtu anayenijua. Saa kumi na moja jioni naenda nyumbani, naulizwa kazi ilikuwaje, nasema, "Poa tu." Mnajua kwa nini? Kwa sababu ile beji ilipochukuliwa, sikubaki na mtu ndani ya suti.

Siku nilipochoka kudanganya, nikaamua nianze kabiashara ka kutoa kopi. Nikaenda kwa sacco. Akiba yangu ilikuwa shilingi 15,000, nami nilihitaji 45,000. Afisa wa mikopo akaangalia fomu yangu, akaniangalia mimi, akaangalia fomu tena. Huna kazi. Akiba ni hii tu. Huna dhamana. Akaniuliza, "Mdhamini wako ni nani?"

Nilikuwa nimekuja na mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu. Alikuwa ameketi pale kando na kofia yake magotini. Akasimama, akachukua kalamu, akaweka sahihi. Afisa alipoona ile sahihi, uso ukabadilika. "Kumbe ni huyu? Huyu tunamjua." Fomu ikapita.

Tulipotoka nje nikamwuliza, "Mzee, na nikishindwa kulipa?" Akacheka. Akaniambia, "Kijana, ungekuwa huwezi kushindwa, mdhamini ungemtaka wa nini?"

Siku hiyo nilitembea barabarani nikiwa nimeinua kichwa, na mfukoni sikuwa na kitu zaidi ya nauli. Akiba yangu ilikuwa ile ile, na vyeti ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu anayejulikana aliyeweka jina lake chini ya jina langu.

Jioni ile nilisoma Waebrania 7:22 kama mara ya kwanza. Mwandishi anamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Mdhamini! Neno la benki, neno la sacco, liko ndani ya Biblia yako. Na mnajua mdhamini wa kawaida hulipa wakati gani? Mwenye mkopo akishindwa. Hapo ndipo hisa zake zinashikwa, na urafiki unaisha. Mdhamini wetu hakungoja tushindwe. Alilipa Kalvari, kabla mimi na wewe hatujazaliwa, akijua vizuri sana tutashindwa wapi na mara ngapi. Hakuna siku atagundua jambo jipya juu yako limfanye ajutie sahihi yake.

Paulo naye, msomi wa kutosha, anatuambia katika 2 Wakorintho 3:4–5 kwamba tumaini alilo nalo analipata kwa Mungu kupitia Kristo, na kwamba kutosha kwake hakutoki kwake mwenyewe. Huo ndio ujasiri wa kweli, mpendwa. Hauhitaji kujidanganya kwamba hujui kuogopa. Unaweza kusema ukweli wote juu yako, "Sijasoma, nina deni, naogopa, nilianguka," na bado ukasimama, kwa sababu hukuwa umesimama juu ya hayo.

ISHARA IKO MBELE YA SAFARI

Kuna jambo lingine katika ule mstari wa 12. Mungu anampa Musa ishara kwamba ndiye aliyemtuma. Ishara gani? Ukiisha kuwatoa watu Misri, mtaniabudu katika mlima huu huu. Hebu tulia. Ishara inakuja baada ya kwenda! Mimi ningetaka risiti kabla ya kulipa. Mungu anasema, nenda, na ukirudi hapa na watu nyuma yako, utajua. Mpaka Kutoka 19 ndipo Musa anafika mlimani na umati wote. Hapo ishara ikatimia.

Wengi tunangoja tujisikie na ujasiri ndipo tutii. Nikiacha kuogopa nitaomba kazi. Nikijisikia vizuri nitaimba. Mungu anatupatia vya kutosha kwa hatua ya leo, na ujasiri mwingine tutaukuta njiani.

Na hatutumi mikono mitupu. Alimwuliza Musa ana nini mkononi. Fimbo, basi, fimbo ya kuchungia. Akaambiwa aitupe chini, ikawa nyoka, akaambiwa aikamate mkia. Watu wa kutoka sehemu za mifugo mnajua nyoka hashikwi mkia! Lakini aliishika, ikawa fimbo tena, na ukifika 4:20 Biblia haiiti tena fimbo ya Musa, inaiita fimbo ya Mungu. Ni mti ule ule, ila umebadilisha mwenyewe. Wewe una nini? Cherehani? Boda boda? Sauti? Hesabu? Mkono unaojua kupika chapati laini? Itupe mbele zake kwanza.

Tena akampa Haruni. Soma 4:14 polepole: wakati Musa bado anatoa visingizio, Haruni tayari alikuwa njiani akija kumlaki. Ujasiri wa Kikristo si wa mtu mmoja aliyejifungia chumbani akiongea na kioo. Una ndugu. Na kama wewe una huzuni isiyoondoka, wiki baada ya wiki, hulali, huli, usione aibu kumwona daktari au mshauri. Tutakuombea, na pia tutakusindikiza. Mungu aliyemtuma Haruni barabarani anaweza kumtumia daktari.

FARAO ALIKATAA

Sasa niseme kile ambacho sikusema mara ile nyingine. Musa alienda. Alitii. Na Farao akakataa! Kutoka 5 inasema kazi iliongezwa: watu watafute majani wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Wale aliokuja kuwaokoa wakamlaumu. Musa akarudi kwa Mungu akauliza, kwa nini ulinituma?

Kwa hivyo nikikuambia Mungu yuko pamoja nawe, sikuambii kila mlango utafunguka ukibisha mara ya kwanza. Yeyote anayekuuzia ujasiri wa namna hiyo, hata kama anakuambia upande mbegu ya pesa ndipo uupate, anakuuzia kitu ambacho Musa mwenyewe hakupewa. Lakini angalia tofauti. Musa wa miaka 40 alipokataliwa, alikimbilia Midiani. Musa wa miaka 80 alipokataliwa, alikimbilia kwa Mungu. Alilia, alilalamika, lakini alirudi kwa Farao.

Na miaka ya mwisho? Hesabu 12:3 inasema hakukuwa na mtu mpole duniani kuliko yeye. Ndiye huyo huyo aliyesimama mbele ya mfalme. Katika Kutoka 33:15 anamwambia Mungu kwamba kama uso wake hauendi pamoja nao, basi asiwaondoe pale walipo. Sikia jinsi alivyobadilika! Alianza kwa kuuliza yeye ni nani. Sasa hilo swali amelisahau. Anachotaka kujua ni kama Mungu anaenda.

YULE MAMA

Mnataka kujua yule mama alifika wapi. Alienda shuleni. Hakuenda akisema yeye ni mshindi. Aliniambia alisimama nje ya ule mlango, akasema kimoyomoyo, "Yesu, mimi naogopa. Ingia na mimi." Akamwomba jirani yake wa ushirika wa nyumbani amsindikize, huyo ndiye Haruni wake. Ndani sauti ilitetemeka, lakini alisema yote: anapata kiasi gani kwa wiki, anaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Deni halikufutwa. Alikubaliwa alipe kidogo kidogo, na mtoto akarudi darasani. Bado analipa. Kila mwezi anapita kwenye ule mlango, na siku hizi, anasema, ameuzoea.

Kumbe mahubiri haya alikuwa ameyaelewa kabla yangu. Mimi nimekuja tu kuyaandika.

Wiki hii nakuomba ufanye mambo matatu. Taja mlango mmoja unaouogopa, uuandike. Tafuta ndugu mmoja umwambie. Halafu nenda, hata kama magoti yanagonga.

TUOMBE

Baba, tumejiangalia sana. Wengine tumejiona wakubwa, wengine tumejiona takataka, na wote tumechoka. Asante kwa Yesu, mdhamini wetu, aliyelipa akijua deni lote. Kwa ndugu anayevaa suti kila asubuhi akienda mahali pasipo na kazi, mpe neema ya kusema ukweli nyumbani leo. Kwa dada aliye nje ya mlango, ingia naye. Hatuombi tujisikie wakubwa. Tunaomba twende nawe. Kwa jina la Yesu, Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii:
1. Ni swali gani watu wakikuuliza ujasiri wako huanguka? Linaonyesha umejenga juu ya nini?
2. Kati ya visingizio vitano vya Musa, kipi ni chako?
3. Nani katika kundi hili anahitaji Haruni wiki hii, na nani ataenda naye?

Mstari wa kukariri: Kutoka 3:12.